MALTA: KISIWA KINACHOHESABU NUSU KAMA SISI

Wengi shuleni humu wameniuliza mbona nilipotea mwaka mzima, kisha nikarudi nikiwa darasa moja nyuma ya wenzangu. Wapo waliovumisha kwamba nilifukuzwa karo, wengine sijui nini. Basi leo nitawaeleza nilikokuwa, na pamoja na hayo jambo moja kuhusu lugha yetu ambalo ilibidi nivuke bahari ndipo nilijue.

Baba hufanya kazi bandarini Mombasa. Mwaka wa 2022 alipata nafasi ya kusomea sheria za bahari katika chuo kilichoanzishwa huko Malta mwaka wa 1988 na shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia usafiri wa baharini. Mama akasema familia haigawanyiki. Tukafunga virago sote watano, tukakaa huko tangu Septemba 2022 hadi Juni 2023.

Hebu chukua ramani. Tazama Bahari ya Kati, kusini mwa kisiwa cha Sisilia, uone vitone vitatu: Malta, Gozo na Comino. Vyote pamoja ni kilomita mraba 316 tu. Unguja peke yake ni zaidi ya mara tano ya hapo! Lakini watu ni zaidi ya nusu milioni. Hakuna mto wala ziwa, na zaidi ya nusu ya maji ya mfereji ni maji ya bahari yaliyotolewa chumvi kwa mitambo. Waingereza waliondolewa madarakani tarehe 21 Septemba 1964, miezi tisa hivi baada ya uhuru wetu. Ndiyo maana magari hupita kushoto, na plagi za stima ni zile zile za miguu mitatu. Theluji sikuiona, ila nyumba za mawe ya chokaa mwezi wa Januari, we acha tu! Ndani baridi kuliko nje.

Siku ya tatu Mama alikwenda kununua mboga. Muuzaji akamtajia mteja aliyetangulia bei kwa lugha yao: "Ħamsin." Mama akatoa senti hamsini bila kungoja kutafsiriwa. Muuzaji akapigwa na butwaa, na Mama naye pia. Jumapili tukaenda kanisani, na padri, Mkatoliki kamili, akawa anamwita Mungu "Alla". Kwaresima nayo huitwa "Randan", neno lililotokana na Ramadhani. Mama alinitazama kwa jicho la pembeni ibada nzima.

Sababu yake ni historia. Waarabu waliitwaa Malta mwaka wa 870. Mwaka wa 1091 wakaja Wanormani, na kadiri miaka ilivyopita watu wote wakawa Wakristo, lakini lugha ikabaki. Ikaandikwa kwa herufi za Kilatini na kujazwa maneno ya Kisisilia na Kiitaliano. Kwa hivyo kitabu ni "ktieb", habari ni "aħbar", dunia ni "dinja", mia ni "mija" na elfu ni "elf". Asali ni "għasel", na ile "għ" haitamkwi, kama sisi tusivyoitamka ile sauti ya kooni ya Waarabu. Lakini usije ukatarajia sabalkheri. Asubuhi utaambiwa "bonġu", la Kizungu hilo.

Jumamosi tulikuwa tukizunguka kwa basi. Mdina, mji mkuu wa kale, jina lake ni lile lile la Madina, na vichochoro vyake vingempoteza hata mtoto wa Mji wa Kale, Mombasa. Valletta, mji mkuu wa sasa, ulianza kujengwa mwaka wa 1566. Ngome zake zilinikumbusha Fort Jesus, wala si ajabu, kwani zote mbili zilichorwa na Waitaliano: Laparelli kule na Cairati kwetu. Gozo tulivuka kwa feri, kama Likoni ila safari ni ndefu zaidi. Huko kuna mahekalu ya Ġgantija, yaliyojengwa yapata miaka 3600 kabla ya Kristo, kabla ya piramidi za Giza. Upande wa magharibi kuna kijiji kiitwacho Għarb, maana yake, bila shaka umekwisha kisia, magharibi. Baba alitaka pia kutuonyesha lile tao maarufu la mwamba lililokuwa likipigwa picha na kila mgeni. Kumbe lilianguka baharini tarehe 8 Machi 2017! Tulitazama maji tukarudi.

Mwezi wa Februari simu ikaja usiku kutoka Machakos. Susu, mamake Baba, ameaga dunia. Nauli ya watu watano haikuwepo, akaenda Baba peke yake. Jirani wetu wa chini alikuwa ajuza ambaye sote tulimwita Nanna, yaani nyanya kwa Kimalta. Alinikuta nimejiinamia kwenye ngazi. Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji, na Kimalta changu hivyo hivyo. Nikasema, "Nanna... Kenya..." nikashindwa kuendelea. Akauliza, "Mietet?" Neno hilo sikuwa nimefundishwa, lakini nilisikia mauti ndani yake. Nikaitikia kwa kichwa. Akaketi kando yangu juu ya jiwe lile la baridi, asiseme kitu. Jioni akapanda na sufuria ya supu, na siku mbili zilizofuata vile vile.

Hapo ndipo nilipoanza kuandika maneno yake daftarini. Baba aliporudi nikamwambia kwa majivuno, "Kiswahili na Kimalta ni ndugu, baba yao Kiarabu!"

"Wingi wa kitabu ni nini?" akauliza.

"Vitabu."

"Nenda kamwulize Nanna wingi wa ktieb."

Nikashuka. Ni "kotba". Nanna huvunja neno katikati, kama Mwarabu. Sisi tulipolipokea tukaliona lina ki-, tukaliingiza kwenye ngeli pamoja na kiti na kisu, likawa letu. Kimalta ni mtoto wa Kiarabu aliyevalishwa nguo za Kiitaliano. Kiswahili ni Kibantu kilichoazima nguo za Kiarabu.

Baba akaniambia nihesabu hadi kumi kwa Kikamba, alivyonifundisha Susu. Itatu, inya, itano, ikumi. Kisha kwa Kimalta: sitta, sebgħa, disgħa. Nikahesabu kwa Kiswahili polepole. Tatu, nne, tano na kumi ni za Susu. Sita, saba na tisa ni za Nanna.

Daftari lina maneno 94 na liko kwa mlezi wa chama. Anayetaka kulisoma aombe, ila asilitoe nje ya maktaba. Kurasa mbili za mwisho ni mwandiko wa Nanna mwenyewe.