Somo la Afya: Nguo za Kuvaa Katika Bustani za Michezo Wakati wa Joto

Leo tutazungumza juu ya nguo zimfaazo mtu aendaye likizo katika bustani kubwa za michezo wakati wa joto. Mfano wetu ni Walt Disney World, karibu na mji wa Orlando, Florida, huko Marekani, iliyofunguliwa mwaka 1971.

Kwanza tuijue hali ya hewa. Tangu Juni mpaka Septemba joto la mchana hufika kiasi cha digrii 33, na hewa hujaa unyevu. Mkazi wa Mombasa au Dar es Salaam analijua joto hili: ni la fukuto, kama la kaskazi. Tena mgeni wa bustani hizi hashindi kivulini. Hutembea kutwa, na kupanga foleni juani.

Je, mwili hujipozaje? Kwa jasho. Lakini jasho lidondokalo chini halipozi kitu. Lipozalo ni lile likaukalo juu ya ngozi. Lita moja ya jasho ikikauka huondoa joto ambalo lingetosha kuchemsha zaidi ya lita tano za maji baridi. Basi kazi ya nguo ni kuliachia jasho nafasi ya kukauka. Nguo ya kubana huizuia hewa; nguo pana huipitisha.

Wengi hudhani kwamba rangi ndiyo jambo kubwa. Mwaka 1980 wataalamu walichapisha uchunguzi wao juu ya majoho meusi ya Mabedui katika jangwa la Negev. Waliona kwamba mwenye joho jeusi hakupata joto mwilini kuliko mwenye joho jeupe, kwa sababu joho ni pana na hewa hupita ndani yake. Kwa hiyo tazama upana kwanza, rangi baadaye.

Sasa tuchague. Shati au gauni liwe jepesi, pana, lenye mikono ya kukinga jua. Suruali nzito ya jinzi haifai: ikilowa jasho, au mvua ya alasiri ambayo ni ya kawaida huko, hukawia kukauka na kuchubua mapaja. Chukua fulana na soksi za akiba. Lakini nguo isiburute, wala mtandio usining'inie, maana huweza kunaswa na mashine za bembea. Kofia iwe na ukingo mpana. Viatu viwe ulivyokwisha kuvizoea. Kiatu kipya huleta malengelenge, na kandambili huchomoka mguuni. Kigari cha mtoto kisifunikwe kwa nguo nzito, kwani joto hufungika ndani.

La mwisho ndilo kubwa. Mwenzako akianza kuyumba, kupayuka maneno au kuzimia kwa joto, usingoje: anaweza kufa. Huko Marekani piga simu 911, kisha umpeleke kivulini, umlegeze nguo, ummwagie maji na kumpepea mpaka waganga wafike.

Swali la kujadiliana katika darasa lenu: kwa nini mtu hutoka jasho jingi siku ya fukuto, na bado asipoe?