Kijiji Kisichoweza Kumiliki Uwanja: Ardhi ya Jamii Kuanzia Rukoki Hadi Bwera

Makao makuu ya wilaya ya Kasese yako Rukoki, nje kidogo ya mji, chini ya milima ya Rwenzori. Anayeshika njia ya Rukoki na bahasha ya ardhi mkononi kwa kawaida anafuata jambo lake mwenyewe: shamba la kahawa alilorithi, kiwanja cha duka alichonunua Bwera karibu na mpaka wa Kongo, mpaka anaogombea na shemeji yake. Ni nadra bahasha hiyo kuwa ya kijiji kizima. Na bado kila kijiji cha Kasese kina mahali ambapo watu wote wanapaita petu: uwanja wa mpira, chemchemi, malisho, njia ya ng'ombe kwenda kunywa, kipande cha kilima wanakokata nyasi, kiwanja ambacho wazee walikiacha kwa ajili ya soko. Mahali hapo panapouzwa au panapojengwa usiku na mchana, lawama humwendea mwenyekiti aliyekula hongo au tajiri aliyetoka mjini. Lawama hiyo mara nyingine ni ya haki, lakini haifiki kwenye mzizi. Mzizi ni kwamba kijiji cha Uganda, kama kijiji, hakina uwezo wa kisheria wa kumiliki ardhi, na wanakijiji wengi hawajaambiwa hivyo.

Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 inagawa ngazi za utawala katika mafungu mawili. Wilaya, manispaa, halmashauri ya mji na gombolola (ambayo Mtanzania angeilinganisha na kata) ni serikali kamili. Kila moja ni mtu mbele ya sheria: inaweza kununua, kumiliki, kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake. Kijiji na muruka (ngazi iliyo kati ya kijiji na gombolola) ni vitengo vya utawala tu. Baraza la kijiji, yaani LC1, ni watu wazima wote wa kijiji hicho, nao huchagua kamati ya watu kumi chini ya mwenyekiti. Kamati hiyo inapatanisha, inatunza usalama, inatambulisha wakazi, inapiga muhuri. Sheria imekikumbuka kijiji hata katika fedha: gombolola hubaki na asilimia 65 ya mapato inayokusanya, na robo ya kiasi hicho inapaswa kushuka kwa mabaraza ya vijiji. Kwa hiyo kijiji kinaweza kupokea fungu la ushuru, kikalitumia kununua kiwanja, kisha kikakosa jina la kukiandika kiwanja chenyewe. Ng'ambo ya mpaka wa kusini mambo ni tofauti. Tanzania, Halmashauri ya Kijiji ni chombo kamili kisheria, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaipa usimamizi wa ardhi ya kijiji chini ya macho ya Mkutano Mkuu. Kuna migogoro mingi huko pia, lakini angalau kijiji kinaweza kusimama mahakamani na kusema kwamba ardhi hii ni yangu.

Uone pengo hili linavyokuwa kwenye karatasi yenyewe. Mkataba wa mauziano wa vijijini ni ukurasa mmoja uliochanwa kwenye daftari la shule. Unasema kipande hiki juu kinapakana na shamba la fulani, chini na kijito, kulia na njia ya shuleni, kushoto na mstari wa masale yaliyopandwa na marehemu babu yake muuzaji. Chini kuna majina ya mashahidi, dole gumba la asiyejua kuandika, na muhuri wa LC1 uliopigwa juu ya sahihi ili mtu asiongeze neno. Mnunuzi akiwa kijiji, jina linaloandikwa huwa la mwenyekiti "kwa niaba ya wakazi", au la kijiji chenyewe, jambo ambalo kisheria ni sawa na kuacha nafasi tupu. Karatasi hiyo hukaa nyumbani kwa mwenyekiti, kwenye sanduku moja na vyeti vya ubatizo vya watoto wake. Uganda ilichagua wenyeviti wa vijiji mwaka 2001, na haikuwachagua tena hadi Julai 2018. Katika miaka 17 mtu huzeeka, huhama, hufa, na sanduku hurithiwa na wanawe. Mtoto anayekuta jina la baba yake kwenye hati ya kiwanja ana sababu ya kuamini kwamba ni urithi wake, bila hata ya kuwa mwizi. Na kijito? Tarehe 1 Mei 2013 mto Nyamwamba ulifurika kutoka Kilembe ukapita Kasese ukibeba mawe, nyumba na mashamba. Mei 2020 ukafanya hivyo tena na kuiharibu hospitali ya Kilembe. Mpaka uliotajwa kama "chini na mto" hauna maana tena mto wenyewe ukishahama.

Ardhi isiyo na mwenye jina haibaki hewani. Katiba ya 1995 iliweka Bodi ya Ardhi katika kila wilaya, na kazi yake ya kwanza ni kushika na kugawa ardhi ya wilaya isiyomilikiwa na mtu wala chombo chochote. Maneno hayo yalikusudiwa kuwalinda wananchi, ili serikali kuu isijitwalie kila pori. Lakini yakisomwa pamoja na pengo la kijiji, yanazaa matokeo ambayo sidhani watunga sheria waliyataka. Malisho yaliyotumiwa na koo tano kwa vizazi, yasipokuwa na cheti wala wa kuyasemea, yanaweza kuonekana mezani kama ardhi isiyo na mwenyewe, na mwombaji mwenye mchoro wa mpimaji akapewa hati kwa utaratibu ulio halali kabisa. Jambo moja linanisumbua zaidi. Sheria ya Ardhi ya 1998 inaiagiza bodi hiyo itunze orodha ya viwango vya fidia na kuipitia kila mwaka. Mti wa mwembe una bei yake, mbuni una bei yake, kibanda cha udongo kina bei yake. Hakuna agizo kama hilo la kuorodhesha viwanja, chemchemi na malisho ya vijiji.

Kasese si mahali pa kuacha jambo hili lijiendee. Mbuga ya Queen Elizabeth ilitengwa mwaka 1952, reli ikafika 1956 kuchukua shaba ya Kilembe, hifadhi ya milima ya Rwenzori ikatangazwa 1991. Ukiongeza maziwa ya Edward na George, sehemu kubwa ya wilaya haiwezi kulimwa wala kujengwa. Sensa ya 2002 ilihesabu watu wapatao 523,000. Ya 2014 ikakuta takriban 695,000. Watu hao wote wanabanwa kati ya mteremko wa mlima na uzio wa mbuga. Pamoja na hayo, kila kituo cha biashara kinataka kuwa mji. Gombolola ikigeuka halmashauri ya mji, haigawani tena asilimia 35 ya mapato yake na wilaya, na kwa kuwa kodi ya kichwa ilifutwa mwaka 2005, mapato yaliyobaki yanatokana zaidi na masoko, maegesho na leseni. Mji wa Mpondwe-Lhubiriha, upande wa Bwera, unaishi kwa soko la mpakani ambako Wakongo na Waganda wanauziana bidhaa. Halmashauri ikitazama uwanja wa mpira inaona safu ya vibanda. Simlaumu karani anayepaswa kulipa mishahara. Nasema tu kwamba siku mji unapotangazwa ndiyo siku ya hatari kwa ardhi ya wote, na maandalizi yanapaswa kutangulia siku hiyo.

Maandalizi hayo yamo katika Sheria ya Ardhi yenyewe, na ajabu ni jinsi yanavyotajwa kwa uchache. Sheria inaruhusu kundi lolote la watu kuunda jumuiya ya ardhi ya pamoja. Wanaomba kwa Msajili wa Hati, mkutano unaitishwa, na angalau asilimia 60 ya kundi wakikubali, wanachagua viongozi wasiopungua watatu na wasiozidi tisa, theluthi moja wakiwa wanawake, kisha wanaandika katiba yao. Kuanzia hapo kuna mtu mbele ya sheria. Jumuiya inaweza kupata cheti cha umiliki wa kimila kwa jina lake, ikatenga sehemu ya matumizi ya wote na kuweka kanuni: nani analisha, ng'ombe wangapi, kuni zinakatwa msimu gani, maji yanalindwaje. Njia ya cheti inapitia Kamati ya Ardhi ya gombolola. Tangazo linabandikwa kwa wiki zisizopungua mbili, kamati inatembea mipaka pamoja na majirani, pingamizi zinasikilizwa, ripoti inakwenda kwa bodi ya wilaya. Kutembea mipaka ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote. Jirani anaposimama kwenye sale na kusema "hapa ndipo", mbele ya watu thelathini, anakuwa ameweka ushahidi ambao hausombwi na mto wala haufungiwi kwenye sanduku la mtu.

Wapo watakaosema kwamba gombolola tayari ni mtu kisheria, basi ardhi ya vijiji iandikwe kwa jina lake na mambo yaishe. Kwa zahanati, shule na ofisi nakubali, maana huduma hizo ni za gombolola nzima. Kwa malisho na chemchemi sikubali. Diwani wa muruka mwingine hana ng'ombe anayekunywa pale, na kura yake ina uzito sawa na ya diwani ambaye watu wake wanakunywa. Wengine watasema dawa ni kugawa: kila mmoja apewe kipande na cheti chake, kwa kuwa cha wote hakitunzwi. Garrett Hardin aliandika hivyo mwaka 1968 kuhusu malisho ya pamoja, na hoja yake imekuwa kama msahafu kwa maofisa wa mipango. Lakini alikuwa anaeleza malisho yasiyo na kanuni wala walinzi. Elinor Ostrom, aliyepata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alikusanya mifano kutoka Uswisi, Japani na kwingineko ya jamii zilizotunza malisho, misitu na mifereji kwa karne nyingi, na sifa ya kwanza aliyoikuta ni mipaka iliyo wazi na watumiaji wanaojulikana. Ndicho hasa ambacho vijiji vyetu havina kwenye karatasi. Isitoshe, chemchemi haigawanyiki vipande arobaini.

Pingamizi zito ni jingine, nalo nisingependa kulipita haraka. Katika Kasese, ukisema jamii, mtu atauliza: jamii ipi? Wakonzo wengi ni wakulima, Wasongora ni wafugaji, na wapo Wanyabindi na wengine waliokuja na mgodi, reli na mashamba ya umwagiliaji ya Mubuku. Wasongora waliporudi kutoka Kongo na mifugo yao mwaka 2006 na kuingia katika mbuga, serikali iliwatafutia makazi kwa kumega ardhi ya umma, na ugomvi kati yao na wakulima kuhusu mgawo ule uliacha makovu. Je, jumuiya za ardhi hazitakuwa silaha ya kabila moja dhidi ya lingine? Zinaweza kuwa hivyo zikiundwa kwa orodha ya ukoo. Sheria haidai ukoo; inaruhusu kundi lolote la watu. Chemchemi inayonywesha ng'ombe wa Msongora na kumwagilia mgomba wa Mkonzo ina watumiaji wa aina mbili, na katiba ya jumuiya inapaswa kuwataja wote wawili, saa ya mmoja na saa ya mwenzake. Kamati ya Ardhi inayopokea orodha yenye upande mmoja tu irudishe faili. Najua hilo ni gumu kuliko kulisema. Lakini ukimya uliopo sasa haujaleta amani. Umeacha kila upande uamini kwamba ardhi ni yake peke yake, kwa sababu hakuna mahali palipoandikwa vinginevyo.

Kuhusu viongozi kuiteka jumuiya, hofu hiyo ni ya kweli, na kinga yake imo ndani ya sheria: kamati ya jumuiya haiwezi kuuza wala kukodisha bila idhini ya wanachama walio wengi. Kenya, katika Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, imekwenda mbali zaidi na kudai theluthi mbili, na imezikataza kaunti kuuza ardhi ya jamii ambayo bado haijasajiliwa. Kifungu hicho cha mwisho Bunge la Uganda lingefanya vyema kukiiga. Hadi hapo, wilaya haihitaji Bunge ili kuanza. Baraza la wilaya linaloketi Rukoki linaweza kuweka sera kwamba hakuna ombi la ardhi "isiyo na mwenyewe" litakalopelekwa mbele bila kumbukumbu za mkutano wa baraza zima la kijiji husika, zenye mahudhurio na sahihi, wala si barua ya mwenyekiti peke yake.

Na wewe msomaji wa Rukoki, wa Bwera au wa Mpondwe, mkutano ujao wa kijiji ukiitishwa, omba jambo moja liandikwe kwenye ajenda kabla ya mengineyo: mwenyekiti alete karatasi ya uwanja, isomwe kwa sauti, na watu waulizwe imeandikwa jina la nani.