Kutu Haizikwi Chini ya Rangi

Sogeeni, wadogo zangu, nina hadithi ya chuma, nayo ni ya kweli.

Njia ya kutoka Kabambare kwenda Kasongo, kwetu Maniema, ni ya zamani. Misafara ya wafanyabiashara kama Tippu Tip ilipita huko: ilitoka Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika, ikapumzika Kabambare, kisha ikashika njia ya Kasongo na Nyangwe. Leo wanaopita ni watu wa pikipiki na baiskeli, pamoja na magari machache yasiyoogopa mashimo. Mvua zikinyesha, gari linafika limejaa tope jekundu mpaka kwenye vioo, hujui kama ni jeupe au la kijani. Watu wanalimwagia ndoo mbili za maji, linang'aa, wanaridhika. Lakini tope lililoingia ndani ya milango halikutoka.

Kila mlango wa gari una vitundu vidogo kwenye ukingo wake wa chini. Vimewekwa ili kutoa maji ya mvua yanayopenya pembeni mwa kioo. Tope likikauka linaviziba. Kijiti chembamba kingetosha kuvizibua, ila nani huinama kuvitazama? Maji yanakaa mle mwezi baada ya mwezi, na chuma kinaliwa kutoka ndani, upande usioonekana. Siku moja kinatokea kipele kwenye rangi ya nje, ukubwa wa punje ya mchele. Ukikibonyeza kwa ukucha kinapasuka, unatoka unga wa kahawia.

Unga huo ndio kutu: chuma kilichoungana na maji na oksijeni ya hewa. Kutu huchukua nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma ilichokila, ndiyo maana inainua rangi na kutoa vipele. Tena ina matundu madogo mno yanayoshika unyevu, kwa hiyo haitulii. Ikishaanza kwa doa moja, linapanuka lenyewe chini ya rangi.

Na udongo wetu, mbona ni mwekundu? Kwa sababu nao una chuma kilichoungana na oksijeni tangu zama za kale. Kutu na udongo wa njiani ni ndugu wa ukoo mmoja. Wahunzi wa Maniema waliujua utajiri huo kabla Mbelgiji hajafika. Walichimba mawe yenye chuma kingi, wakayachoma kwa makaa huku wakipuliza mivukuto, na ule moto wa makaa ukaondoa oksijeni, kikabaki chuma cha kufulia majembe na mikuki. Viwanda vikubwa vya leo vinafanya kazi ileile kwa tanuri kubwa zaidi. Chuma hutolewa kwenye mawe kwa nguvu za moto, na kikiachwa bila ulinzi, hewa na maji vinakirudisha polepole kuwa udongo.

Lakini chuma kisipoguswa na hewa na maji, hakishiki kutu. Ushahidi uko mashariki yetu, Ziwa Tanganyika. Mwaka 1913 Wajerumani walitengeneza meli katika mji wa Papenburg, wakaifungua vipande vipande, wakaisafirisha mpaka Kigoma. Ilishushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipowaelemea, Julai 1916, waliizamisha wenyewe ili adui asiichukue. Kabla ya kuizamisha, mafundi walizipaka mashine zake grisi nene. Waingereza walipoiinua mwaka 1924, karibu miaka minane baadaye, mashine zile zilikuwa bado zinafaa, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Kilichoziokoa ni grisi, wadogo zangu, basi!

Rangi ya gari ina kazi kama ya grisi ile: kuzuia hewa na maji. Lakini inazuia pale tu inaposhikana na chuma chenyewe. Ukiipaka juu ya kutu, imeshikana na unga, na unga hautakaa. Mvua mbili tatu, vipele vinarudi, na pesa ya rangi imekwenda.

Kwa hiyo fundi bodi mzuri anaanza kwa kuondoa, na kuondoa kunakula muda mwingi kuliko kupaka. Kwanza anaosha gari kwa sabuni, maana akikwangua juu ya mafuta anayasukumia ndani ya mikwaruzo. Anafungua taa, mipira ya vioo na vishikio vya milango, kwa sababu kutu hupenda kujificha chini yake. Halafu anagonga bati kwa mpini wa bisibisi, taratibu, huku anasikiliza. Bati zima linalia. Lililooza linatoa sauti nzito, isiyo na mlio.

Kuna kifaa kingine ninachokipenda kuliko vyote: sumaku iliyotolewa kwenye spika ya redio mbovu. Fundi anaifunga kwa kitambaa ili isikwaruze, anaipitisha juu ya bodi. Penye chuma inanasa. Penye mastiki nene, ambayo mafundi wengine huiita puti, inateleza na kumdondokea mkononi, na hapo siri imefichuka: kuna mtu aliziba tundu bila kuondoa kutu. Mastiki hunyonya maji, hivyo kutu iliyoachwa chini yake inanyweshwa kila mvua. Na la kushangaza zaidi, sumaku nyingi za spika zimetengenezwa hasa kwa oksidi ya chuma, ndugu wa kutu yenyewe!

Sumaku isiponasa popote mlangoni, usiilaumu. Land Rover za zamani, tangu ile ya kwanza ya mwaka 1948, zilivalishwa bodi ya aloi ya alumini, kwa sababu chuma kilikuwa cha mgao Uingereza baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Alumini haitoi kutu nyekundu, ingawa fremu ya chini ya magari hayo ni ya chuma na inaoza kama nyingine. Hapo kuna mtego. Soda kaustiki ya watengeneza sabuni hulainisha rangi kuukuu, lakini ikigusa alumini inaila. Ni lazima kujua gari limetengenezwa kwa nini kabla ya kuchagua dawa.

Kisha inakuja kazi ya mikono: kikwangulio, brashi ya waya, msasa. Msasa una namba mgongoni, na namba ikipanda, punje zake zinakuwa ndogo. Fundi anaanza na 80 mpaka chuma king'ae. Vishimo vyeusi ambavyo msasa haufiki, anavipaka asidi ya fosfori, inayogeuza kutu iliyobaki kuwa fosfati ya chuma. Bati lililotoboka halina dawa, linakatwa na kuchomelewa kipande kipya. Baadaye, kwa msasa wa 180 na wa 320, anasawazisha mahali rangi ya zamani inapokutana na chuma, mpaka ufumbe macho, upitishe kidole, usijue rangi imeishia wapi.

Kuanzia hapo hakuna kulala. Katika hewa yenye unyevu, chuma kilicho wazi hushika kutu upya ndani ya saa chache. Jasho la kiganja lina chumvi, kwa hiyo ukikigusa utakuta alama za vidole vyako zimechoreka kwa kutu. Rangi ya kwanza ya kuzuia kutu lazima ipakwe siku ileile. Kwetu kusini mwa Maniema miezi inayofaa ni Juni, Julai na Agosti, wakati wa kiangazi.

Sasa nisikilizeni vizuri. Rangi nyingi za zamani zina risasi, na risasi iliyo katika vumbi inadhuru ubongo wa mtoto hata ikiwa kidogo. Mnara wa Eiffel wa Paris, uliokamilika mwaka 1889, ni wa chuma na hupakwa rangi upya kila baada ya miaka kama saba. Mwaka 2021 kazi ya kuukwangua ilisimamishwa kwa sababu ya risasi, na wafanyakazi wake ni watu wenye mavazi kamili ya kujikinga. Fundi akikwangua gari mtaani kwenu, msicheze karibu, chakula kisipikwe pale, na vumbi lifutwe kwa kitambaa kibichi, lisifagiliwe. Na wewe unayetaka ufundi huu, subiri ukue, na siku ya kwanza umwombe fundi barakoa kabla hajakupa msasa.