Moto wa Kiasi kwa Nywele

Katika maduka ya vipodozi ya mjini Arusha, ambako wanawake wa Nduruma na wa vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru huenda kujinunulia pasi za nywele, muuzaji atakaye kuisifu bidhaa yake aghalabu huanza kwa kuutaja ukali wa moto wake: hii inafika digrii 230, dada, ukipitisha mara moja umemaliza. Sifa hiyo ndiyo ninayoipinga hapa kwa moyo wangu wote, kwani nywele za mwanamke si zote za hali moja, na pasi iliyo bora ni ile inayomtii mwenye kuishika, wala si ile inayowaka kupita nyingine.

Unywele umejengwa kwa protini iitwayo keratini, ambayo nyuzi zake zimeshikamana kwa vifungo vya namna mbalimbali. Viko vilivyo dhaifu, vinavyolegea kwa maji na kwa moto, kisha vikajifunga upya unywele ukaukapo au upoapo. Hivyo ndivyo pasi inavyovifanyia kazi, na ndiyo sababu nywele zilizonyoshwa vizuri asubuhi huanza kujikunja jioni ukungu wa Julai unaposhuka kutoka mlimani, ilhali kule uwandani Nduruma, kwenye hewa kavu na vumbi, huweza kukaa zaidi. Viko pia vilivyo madhubuti, vifungo vya salfa, ambavyo dawa ya saluni yenye hidroksidi ya sodiamu huvivunja moja kwa moja. Basi mwenye nywele za dawa amekwisha kuzipunguzia nguvu kabla hajaushika moto, na si hekima kuzitia dawa na kuzipiga pasi kali siku moja.

Kabla ya umeme kuenea palikuwa na chanuo la chuma. Wengi humhesabu Madam C. J. Walker wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1867 na kufariki 1919, kuwa ndiye aliyelibuni, lakini insafu yataka tuseme kwamba lilikuwako kabla yake, naye akawa miongoni mwa waliolieneza. Chanuo hilo lilipashwa juu ya jiko la makaa, kisha fundi akaligusisha kwenye karatasi nyeupe au kitambaa, na likiacha alama ya kahawia akalingoja lipoe. Hayo yalikuwa maarifa ya kuheshimiwa, kwa kuwa macho na mkono vilikuwa ndiyo kipimo chake. Wala sitaki kuingia katika ile hoja ya kwamba mwanamke anyoshe nywele au asinyoshe, hoja iliyokaribiana na ile ya mwaka 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulipotangaza Operesheni Vijana na kuyapiga marufuku mawigi pamoja na sketi fupi. Mimi naona kichwa ni cha mwenyewe, na anayeamua kunyosha anastahili kuambiwa ukweli wa chombo anachouziwa.

Ukweli wa kwanza ni tarakimu. Pasi yenye taa nyekundu peke yake, isiyoonyesha digrii wala kukuruhusu kuzipunguza, iache dukani hata ikiwa rahisi namna gani. Nywele za dawa, na zile nyembamba, huanzia digrii 150, na sioni haja ya kuzipitisha 180. Nywele za kipilipili zilizo nene na zisizotiwa dawa huvumilia hadi karibu 200. Zaidi ya hapo unaikaribia hali ambayo keratini yenyewe huharibika.

Kisha tazama bamba zake. Za seramiki husambaza moto sawasawa na humfaa anayejinyosha mwenyewe mbele ya kioo. Za titani hupata moto upesi na huupitisha kwa nguvu, kwa hiyo ni chombo cha fundi mwenye mkono mwepesi. Nyingi za bei nafuu ni alumini iliyopakwa seramiki kwa juu, na rangi hiyo ikibanduka chuma hukwaruza unywele. Muombe muuzaji uzifumbe bamba mkononi mwako: ukiona mwanga ukipenya katikati, hazikutani sawasawa, nawe utalazimika kurudia palepale mara nyingi. Kwa nywele fupi upana wa sentimita 2.5 watosha, kwani bamba pana haliwezi kuyafikia mashina bila kuunguza ngozi.

Pasi uliyoletewa na ndugu aliye Marekani isomwe kwanza maandishi yake, maana umeme wa huko ni volti 120 na wetu ni 230. Ikiandikwa 100 hadi 240 haina neno, isipoandikwa hivyo huenda ikaungua mara tu uichomekapo.

Fauka ya hayo, pasi haikaushi nywele. Kazi hiyo ni ya draya, na iliyo na chanuo mbele huzinyosha nusu ya safari kwa moto mdogo zaidi. Ukipiga pasi nywele mbichi, maji yaliyo ndani huchemka na kutoboa unywele. Ule mlio wa kuchemka ukisikika, simama hapo hapo. Mafuta ya kukinga moto hupunguza madhara lakini hayayaondoi.

Mwenye nywele za asili azioshe baada ya kunyosha na azitazame zikikauka. Zikijikunja kama zamani, moto ulikuwa wa kiasi. Zikibaki zimelala kama singa, zimeungua, wala hakuna mafuta yatakayozirejesha: sehemu hiyo hukatwa kwa mkasi, na pasi hushushwa digrii kabla haijazigusa zinazoota.