Udongo wa Tindikali na Samaki wa Kwale

Udongo mwingi wa vilima vya Shimba umetokana na mawe ya mchanga. Mvua huupenya upesi na kuondoa kalisi na magnesi, ukabaki na tindikali. Maji yanayochuruzika humo huwa na madini machache, kwa hiyo hayana kinga tindikali inapoongezeka. Ufuoni Diani hali ni tofauti, kwani mawe ya matumbawe yana chokaa inayoipunguza makali.

Kipimo cha pH kikishuka hadi 5, alumini huyeyuka kutoka udongoni na kuganda kwenye matamvua ya samaki. Ute hujaa, samaki akashindwa kupumua na kuhifadhi chumvi mwilini. Mayai na vifaranga huathirika mapema. Perege hustawi pH ikiwa kati ya 6.5 na 9.

Udongo wa mikoko, kama ile ya Gazi huko Msambweni, unahitaji tahadhari zaidi: salfa iliyomo ikipigwa na hewa hugeuka asidi kali.

Anayechimba bwawa apime udongo kwanza, kisha atandaze chokaa ya kilimo chini kabla ya kujaza maji.