Kisiwa, Mwamba na Kipwa: Maneno Yanayopima Bahari Yetu

Wahenga walinena kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Barazani msemo huu hutumiwa kwa mzaha, lakini katika mambo ya bahari una uzito mkubwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari ulitiwa saini Montego Bay, nchini Jamaika, tarehe 10 Desemba 1982, ukaanza kutumika tarehe 16 Novemba 1994. Tanzania iliuridhia mwaka 1985 na Kenya mwaka 1989. Mkataba huo una matini katika lugha sita zenye nguvu sawa, nazo ni Kiarabu, Kichina, Kifaransa, Kihispania, Kiingereza na Kirusi. Kiswahili hakimo. Kwa hiyo sisi watu wa visiwani, ambao riziki yetu imo majini, twazisoma haki zetu kwa maneno ya wageni, na aghalabu maneno hayo ni ya Kiingereza.

Yafaa basi tuyapime maneno hayo mawili mawili, kwani yapo yanayoelekea kufanana, kumbe yametengana kama bamvua na maji mafu.

Tuanze na "island" na "rock". Ibara ya 121 yasema kwamba kisiwa ni eneo la ardhi lililoumbika lenyewe, lililozungukwa na maji, nalo hubaki juu ya maji hata bahari ijaapo. Kisha ibara hiyo yaongeza kwamba mwamba usioweza kukimu makazi ya watu au maisha ya kiuchumi kwa nguvu zake wenyewe hauna ukanda wa uchumi wa bahari. Kisiwa kilicho peke yake baharini chaweza kuipatia nchi ukanda wa maili 200 kila upande, yaani zaidi ya kilometa za mraba 430,000. Mwamba hupata bahari ya kitaifa ya maili 12 tu, ambayo ni kilometa za mraba zipatazo 1,550. Samaki wote na mafuta yote yaliyo katika tofauti hiyo hutegemea neno moja.

Haya si mambo ya vitabuni tu. Uingereza ilikuwa ikijihesabia eneo la uvuvi la maili 200 kuzunguka Rockall, jabali lenye kimo cha meta zipatazo 17 katika Bahari ya Atlantiki. Ilipojiunga na Mkataba mwaka 1997, ililiacha dai hilo. Tarehe 12 Julai 2016, katika shauri la Ufilipino dhidi ya China, mahakama ya usuluhishi iliamua kwamba hata Itu Aba, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya asili katika kundi la Spratly, ni "rock" kwa maana ya Mkataba. Wapo watu waliowekwa pale, lakini wanaishi kwa mahitaji yanayoletwa kutoka nje. China iliukataa uamuzi huo.

Hapa yazuka jozi ya pili, iliyo rahisi kumtega mfasiri: "uninhabited" na "uninhabitable". Neno la kwanza ni la mahali pasipokaliwa na watu, na la pili ni la mahali pasipokalika. Mkataba hauulizi kama watu wapo leo, bali wauliza kama mahali penyewe pana uwezo wa kuwakimu. Mfasiri akiandika "kisichokaliwa" palipotakiwa "kisichokalika", amekinyima haki kisiwa kizuri ambacho wenyewe walihama kwa sababu zao. Kiswahili chatenga maana hizo kwa herufi chache tu, na ni hasara kuzichanganya.

Jozi ya tatu ni "rock" na "low-tide elevation". Maneno haya ya pili huwahangaisha wafasiri, wakaandika sentensi nzima kulieleza jambo ambalo mvuvi yeyote wa Pemba, Mafia au Lamu hulitaja kwa neno moja: kipwa. Ni kile kinachoonekana maji yakipwa na kuzama yakijaa. Kipwa hakina bahari ya kitaifa yake chenyewe, ila kikiwa ndani ya maili 12 kutoka bara au kisiwani, mipaka ya nchi yaweza kupimwa kuanzia hapo. Hata hivyo tusidanganywe na majina. Fungu Kizimkazi laitwa fungu, lakini ndege wa baharini hutaga na kulea makinda juu yake. Linaloamua ni hali ya mahali, wala si jina.

Jozi ya nne ni "sovereignty" na "sovereign rights". Ndani ya maili 12 nchi ina mamlaka kamili juu ya maji, sakafu ya bahari na anga, ingawa meli za kigeni zina ruhusa ya kupita kwa amani. Kutoka hapo mpaka maili 200 nchi ina haki za mamlaka juu ya mali ya asili tu, kama vile samaki na gesi. Meli ya kigeni ikipita huko haikukosa, lakini ikitega nyavu bila ya kibali imekosa. Mvuvi aliyeambiwa kwamba maji yote hayo "ni yetu" atadhani kwamba serikali imelala kila aionapo meli ya kigeni.

Hata neno "maili" lina mtego wake. Maili ya baharini ni meta 1,852, na ya nchi kavu ni kama meta 1,609. Katika maili 200 tofauti yafika kilometa 48. Anayeandika "maili" bila kueleza ni ya wapi amepunguza au ameongeza bahari kwa kalamu.

Twawaomba basi watendaji wa serikali wanaotayarisha vijitabu, matangazo ya redio na hotuba za mikutano ya wavuvi, kwanza waketi na manahodha na wazee wa pwani. Hao ndio wenye kipwa, fungu, mwamba na kisiwa, na kila neno wanalijua mahali pake. Kisha maneno hayo yaandikwe katika orodha moja, kila moja likabiliane na la Kiingereza, na idara zote zitumie orodha hiyo hiyo. Nasi wananchi tusione haya kumwuliza mtendaji asemapo "bahari yetu": ni ile ya maili 12, au ya 200?