Kiti Ulicholipia: Yanayotarajiwa Ndani ya Ndege za Safari za Ndani

Chukulia kijana mkazi wa Dar es Salaam anayemkatia mama yake tiketi ya kutoka Bukoba kwenda Dar es Salaam kwa matibabu ya goti. Kwa nia njema analipa nyongeza ili mama apate kiti cha safu za mbele, akiamini kwamba mbele ndiko uliko mlango. Siku ya safari inafika ATR, ndege ambayo mlango wake wa abiria uko nyuma, karibu na mkia. Mama anapanda ngazi, kisha analazimika kupita ujia mwembamba wote hadi mbele, akishikilia migongo ya viti, huku foleni ikimsubiri nyuma yake. Nyongeza imelipwa, kiti kimepatikana, wala shirika halijavunja ahadi yoyote. Hata hivyo, nafuu iliyokusudiwa imegeuka kuwa adha.

Mfano huu unaonyesha jambo ambalo abiria wengi wa safari za ndani hawaelezwi wanaponunua tiketi: starehe ya safari huamuliwa kwanza na aina ya ndege, kabla ya jina la shirika na hata kabla ya kiasi cha nauli. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza wakala au karani wa tiketi si kama kuna kiti cha dirishani, bali ni ndege gani itakayotumika siku hiyo. Jina la ndege huonekana pia katika taarifa za safari unaponunua tiketi mtandaoni, ingawa abiria wengi hulipita bila kulisoma.

Ndege utakayoikuta uwanjani

Safari za ndani za Tanzania hufanywa kwa ndege za makundi matatu, na tofauti kati yake ni kubwa.

Kundi la kwanza ni la ndege ndogo zenye injini moja, hasa Cessna Caravan, zinazokwenda Mafia, Pemba, Zanzibar na viwanja vya hifadhini kama Seronera. Hubeba abiria wapatao 12. Hazina choo, hazina mhudumu, wala chumba chake hakiongezwi mgandamizo wa hewa. Kwa sababu hiyo huruka chini zaidi, na abiria huhisi kila wimbi la hewa. Msafiri wa ndege hizi asishangae kuulizwa uzito wake au kupimwa pamoja na begi lake. Rubani hupanga nani akae wapi kwa kuzingatia uzito, na mpango huo haujadiliwi. Mizigo nayo huwa na kikomo kidogo, mara nyingi kilo 15, na hutakiwa iwe katika mabegi laini, kwa kuwa sanduku gumu haliingii katika sehemu ya mizigo iliyo tumboni mwa ndege.

Kundi la pili ni la ndege za mapanga, ambazo watu wengi huziita pangaboi: ATR na Dash 8. ATR 72 hubeba abiria wapatao 70, na Dash 8-400 ya Air Tanzania ina viti 76. Zote mbili zina viti viwili kila upande wa ujia, hivyo hakuna abiria anayebanwa katikati ya wengine wawili. Dari yake ni ya chini: katika ATR, kimo cha ujia ni takribani mita 1.91, na mtu mrefu hana budi kuinamisha kichwa. Makabati ya juu ya mizigo nayo ni madogo. Sanduku lenye magurudumu lililokubalika bila tatizo katika ndege kubwa huenda likachukuliwa mlangoni na kuwekwa pamoja na mizigo mingine. Kwa hiyo dawa, nyaraka na simu zikae katika mfuko mdogo usioachana nao. Mabawa ya ndege hizi yako juu ya madirisha, na kwa anayependa kutazama nchi hakuna ndege bora zaidi, kwani hata aliye katikati huiona ardhi bila kizuizi kikubwa.

Kundi la tatu ni la ndege za jeti kama Airbus A220-300, yenye viti 132 katika Air Tanzania. Hapa mpangilio wa daraja la kawaida ni viti viwili upande wa kushoto na vitatu upande wa kulia. Wawili wanaosafiri pamoja wakiomba upande wa kushoto, hawatachanganyika na mgeni. Kiti cha katikati upande wa kulia ndicho kinachokwepwa na wengi, ingawa viti vya ndege hii ni vipana kidogo kuliko vya nyingi zinazolingana nayo.

Sauti nayo hubadilika kulingana na kundi. Katika ndege za mapanga, kelele na mtetemo ni vikubwa zaidi katika safu zinazokabiliana na mapanga yenyewe, na hupungua unapoelekea nyuma. Katika jeti yenye injini chini ya mabawa ni kinyume chake: mbele ndiko kulikotulia. Anayesumbuliwa na kichefuchefu aombe kiti kilicho karibu na bawa katika ndege yoyote, kwani hapo ndipo mtikisiko unapohisiwa kidogo. Mkia ndio unaorushwa zaidi.

Inchi na maana yake

Mashirika hueleza nafasi ya miguu kwa inchi. Kipimo hicho huchukuliwa kutoka sehemu fulani ya kiti hadi sehemu ile ile ya kiti kilicho mbele yake, kwa hiyo ndani yake kimo pia unene wa mgongo wa kiti. Shirika likisema inchi 30, haimaanishi kwamba magoti yako yana inchi 30 za kutanuka. Katika daraja la kawaida, kipimo cha inchi 29 hadi 32 ni cha kawaida duniani kote, na ndicho unachopaswa kukitarajia hapa. Kiti chenye mgongo mwembamba huacha nafasi kubwa zaidi kwa magoti kwa inchi zile zile, lakini povu lake huwa jembamba pia. Kwa safari ya dakika 20 kwenda Zanzibar hilo si kitu. Kwa safari ya saa moja na nusu kwenda Mwanza, mwenye maumivu ya mgongo atalihisi.

Viti vya safu iliyo mbele ya mlango wa dharura mara nyingi havilali nyuma, ili njia ya kutokea isizibwe. Safu ya mwisho nayo huwa hivyo, kwa sababu ya ukuta. Ukiuziwa kiti kwa nyongeza, uliza kama kinalala. Ni swali dogo ambalo muuzaji hana sababu ya kukwepa kulijibu.

Joto, ukungu na masikio

Abiria hulalamikia sana joto la ndani ya ndege inapokuwa bado ardhini, hususan Dar es Salaam na Tanga wakati wa kaskazi. Kwa ATR kuna sababu ya kiufundi. Ndege hii haina injini ndogo ya ziada ya kuendeshea mifumo yake ikiwa imesimama. Hutegemea ama mtambo wa uwanjani, ama injini yake ya kulia iwashwe huku panga lake likiwa limezuiwa kwa breki. Pale ambapo hakuna kimojawapo, hewa baridi haipatikani hadi injini ziwashwe kwa safari. Kuvumilia dakika chache ni jambo la kutarajiwa. Kufungiwa ndani kwa muda mrefu bila hewa wala maelezo si jambo la kutarajiwa. Hapo abiria ana haki ya kumwita mhudumu, kuomba maji, na kuuliza kama inawezekana kushuka. Mwenye pumu, shinikizo la damu au ujauzito aseme mapema, asingoje azidiwe.

Hewa baridi inapoanza kutoka, moshi mweupe huonekana ukishuka kutoka darini. Huo si moshi. Ni unyevu wa hewa ya pwani unaoganda kuwa ukungu unapokutana na ubaridi, kama vile pumzi inavyoonekana asubuhi ya baridi kule Makete. Hauna harufu na hutoweka upesi. Ukisikia harufu ya kuungua, basi ni jambo jingine. Mwarifu mhudumu mara moja.

Juu angani, nje ya dirisha katika futi 25,000, nyuzi joto hufikia takribani 35 chini ya sifuri, na wanaokaa dirishani huhisi ubaridi huo ukutani. Leso au sweta ya mtoto isiwekwe katika mzigo wa chini. Mgandamizo wa hewa ndani ya ndege za kundi la pili na la tatu hudhibitiwa usishuke chini ya ule wa mahali penye mwinuko wa futi 8,000, yaani takribani mita 2,400. Mtu mwenye afya ambaye amewahi kufika Njombe mjini, penye mwinuko unaokaribia huo, hatapata shida. Mwenye ugonjwa wa moyo au mapafu amwone daktari kabla ya kukata tiketi.

Masikio huziba zaidi ndege inaposhuka kuliko inapopanda. Mtu mzima ameze mate au atafune kitu. Mtoto mchanga anyonyeshwe wakati huo, wala asiachwe alale. Mwenye mafua makali ajue kwamba maumivu yanaweza kuwa makubwa. Kuhusu mtikisiko, jua la mchana huipasha ardhi na hewa moto ikapanda kwa mafungu, ndiyo maana ndege za asubuhi kwa kawaida hutulia zaidi kuliko za alasiri. Mwenye hofu ya kuruka akipata nafasi ya kuchagua, achague ya asubuhi.

Kuhamishwa kiti

Tiketi ni mkataba wa kukusafirisha kutoka mahali fulani hadi pengine katika daraja ulilolipia. Nambari ya kiti, isipokuwa umeilipia peke yake, ni mpango unaoweza kubadilika. Hutofautiana na kiti cha basi la mkoani, ambacho abiria akishakichagua hukihesabu kuwa chake. Ndege ikibadilishwa dakika za mwisho, viti vyote hupangwa upya. Pia, ndege isipojaa, wahudumu huweza kuwataka baadhi ya abiria wahamie nyuma au mbele ili uzito ukae sawa. Ombi hilo si dharau, wala halihusiani na nauli ya mtu. Aliyeona fimbo ikiwa imesimamishwa chini ya mkia wa ATR wakati abiria wanapanda ameona wasiwasi ule ule wa uzito: fimbo hiyo huizuia ndege isiinukie nyuma. Kwa sababu hiyo hiyo, usihamie kiti kitupu kwa hiari yako kabla ya kuruka. Omba ruhusa.

Kiti cha mlango wa dharura kina nafasi nzuri ya miguu, lakini kina sharti: anayekaa hapo awe na uwezo na utayari wa kusaidia kufungua mlango. Watoto, wajawazito, wanaosafiri na mtoto mchanga na wenye ulemavu wa kutembea hawaruhusiwi, hata kama mfumo wa mtandaoni ulikubali malipo yao. Mtoto wa chini ya miaka miwili huweza kupakatwa, mmoja kwa kila mtu mzima. Ambaye mkanda haumtoshi aombe kipande cha kuurefushia. Kimo ndani ya ndege, na kukiomba hakuna aibu yoyote.

Anayetumia kiti cha magurudumu, au asiyeweza kupanda ngazi, aliarifu shirika angalau saa 48 kabla, na aulize mlango uko upande gani wa ndege. Katika viwanja vingi vya mikoani abiria hupanda kwa ngazi. Yule mama wa Bukoba angefaa kukaa safu za nyuma, na swali moja la simu lingetosha kulijua hilo.

Mlango ulio karibu nawe

Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya ATR 42 iliyokuwa ikikaribia kutua Bukoba ilianguka katika Ziwa Victoria. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walifariki na 24 waliokoka, wengi wao wakitokea mlango wa nyuma. Hatulitaji ili kumtisha msafiri. Tunalitaja kwa sababu kadi ya usalama iliyo katika mfuko wa kiti husomwa na wachache, na kwa sababu mtu aliyehesabu safu zilizopo kati yake na mlango ataufikia hata gizani. Agizo la kusimamisha kiti, kufunga meza na kufungua pazia la dirisha wakati wa kuruka na kutua lina maana hiyo: njia iwe wazi na nje kuonekane.

Pale ambapo ulicholipia hakikupatikana

Ikiwa ulilipia kiti maalumu ukapewa kingine, au ulilipia daraja la biashara ukakalishwa la kawaida, dai kurejeshewa nyongeza au tofauti ya nauli. Tunza risiti na pasi ya kupandia ndege. Piga picha ya kiti kilichovunjika au mkanda usiofunga, na umwonyeshe mhudumu kabla ndege haijaondoka. Mkanda usiofunga ni suala la usalama, na hupaswi kurushwa nao. Peleka malalamiko kwa shirika kwa maandishi kwanza, ukitaja tarehe, nambari ya safari na unachokitaka. Usiporidhika na jibu, au usipojibiwa, yapeleke kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga nalo hutoa ushauri kwa abiria asiyejua pa kuanzia.